Fundi Akiba na Mkono wa Shati

Mafundi cherehani ni waongo, hilo kila mtu analijua. Ukiambiwa uje Ijumaa, jua ni Ijumaa ya fundi, na Ijumaa ya fundi haimo kwenye kalenda yoyote. Lakini huyu tunayemzungumzia hapa, uongo wake uliishia kwenye tarehe. Kwenye kitambaa hakumdanganya mtu. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ndefu ya kukatia iliyochubuka kingo, cherehani mbili, na kioo kirefu chenye ufa chini, hivyo wateja walijiona vizuri mpaka kwenye magoti, na viatu wakavikadiria. Watu walimwita Fundi Akiba, na jina hilo halikutokana na benki.

Lilitokana na mshono. Fundi wa kawaida akikushonea nguo huacha kitambaa kidogo tu ndani ya mshono, na kinachobaki huenda nacho kwake kikawa foronya. Huyu alikiacha kitambaa ndani, upana wa vidole viwili, kimekunjwa na kulazwa kwa pasi, kimetulia kikisubiri. Mwili hauna ahadi, ndivyo alivyowaambia watu. Leo mwembamba, kesho umepandishwa cheo na kitambi juu. Mteja akinenepa alirudi, Fundi akafumua mshono, akaachia kidogo, nguo ikaingia. Kulikuwa na mabwana harusi waliovaa suti zao za harusi kwenye harusi za watoto wao. Akiba haiozi, ndiyo methali aliyoishika, na aliirudia mpaka ikawachosha wanaompenda.

Anayempenda kuliko wote alikaa naye humo humo dukani. Mkewe ndiye aliyeshona vifungo, aliyepiga pasi, na aliyepokea maneno makali ya wateja waliokuja Ijumaa. Mwanamke mfupi, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Dukani alimwita mumewe Fundi, kama watu wote. Nyumbani alimwita baba watoto, ingawa watoto wenyewe walikuwa wameshaondoka kila mmoja na kwake. Akimwita "mume wangu," basi hapo kuna jambo, na si jema. Kwa miaka yote ya ndoa yao alimwita hivyo mara chache sana, na kila mara Fundi aliikumbuka.

Figo za Fundi zilichoka akiwa na umri wa mtu anayeanza kuitwa babu. Presha ilikuwa imezila kimyakimya kwa muda mrefu, naye akidhani kichwa kinamuuma kwa sababu ya wateja. Siku alipoanguka kwenye meza ya kukatia, chaki ikiwa bado mkononi, alipelekwa hospitali na huko akaambiwa kwamba kuanzia sasa damu yake itasafishwa na mashine, wiki baada ya wiki, maisha yake yote. Hakulia. Aliuliza kama mashine yenyewe ina kelele.

Kwanza walimwekea mrija, ukapita chini ya mfupa wa bega la kushoto mpaka kwenye mshipa mkubwa ndani ya kifua. Damu ilitoka na kurudi kwa mrija huo. Ulitakiwa ukae kwa muda mfupi tu, wakati madaktari wanatengeneza njia nyingine mkononi, lakini mkono wa kulia walipoutengeneza ulikataa, mshipa ukaziba na kunyamaza. Mrija ukaendelea kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Baadaye wakajaribu mkono wa kushoto. Waliunganisha mshipa unaoleta damu kwa kasi na ule unaoirudisha taratibu, mshipa ukanenepa, ukawa unaweza kuchomwa sindano mbili kubwa kila siku ya mashine. Mrija ukatolewa. Njia hiyo mpya wagonjwa wenyewe waliita mlango.

Mlango wa Fundi ulivuma. Akiweka kiganja juu yake alisikia mtetemo, kama cherehani ya jirani inayofanya kazi nyuma ya ukuta. Kila asubuhi, kabla hata ya kumwamkia mkewe, aliugusa. Ukivuma, siku imeanza. Na hapo ndipo maisha yake yote yalipokuwa yamesimama, hakuna haja ya kulipaka jambo hili rangi. Mkono wa kulia ulishakataa. Wa kushoto ukifungwa, ni kurudi kwenye mrija, na kwenye kile chumba cha mashine kila mtu alijua mrija unaleta homa, na homa ilishaondoka na watu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha baridi. Kiyoyozi kilipuliza kwa ajili ya mashine, siyo kwa ajili ya binadamu, na wagonjwa walikaa kwenye viti vyao virefu, mkono mmoja wazi, wakitetemeka. Fundi aliliona hilo akakasirika kama anavyokasirika fundi yeyote akiona nguo isiyofanya kazi yake. Akajishonea shati zito la mikono mirefu, na kwenye mkono wa kushoto, pale tu sindano zinapoingia, akaweka dirisha dogo la zipu. Ukifungua zipu, mlango huu hapa. Ukifunga, umevaa shati kama watu. Manesi walilipenda. Sista mkuu, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alisema miaka yote hiyo hakuna aliyewaza jambo la maana namna ile. Haikupita muda nusu ya chumba walikuwa wamevaa madirisha ya Fundi Akiba, na yeye akatembea humo kifua mbele.

Jirani yake wa kiti alikuwa Dereva. Alikuwa ameendesha malori makubwa mpaka figo zilipomshusha, na bado alibishana na televisheni ya ukutani kana kwamba inamsikia. Walipendana kwa namna ya watu wanaosubiri pamoja: mizaha mingi, maswali machache. Dereva alishonewa koti la kijivu lenye dirisha. Siku moja akaja nalo dukani akasema linambana mkono mmoja, huu wa sindano. Fundi aliuona mkono wenyewe. Ulikuwa umejaa, ngozi inang'aa. Dereva akasema ameulalia. Fundi akasema ndiyo, mkono ukilaliwa huvimba. Wote wawili walijua hawasemi kweli, wakaanza kuongelea mpira. Mshono ukafumuliwa, mkewe akapiga pasi, Dereva akaondoka anafurahi.

Alirudi tena, ukaachiwa tena. Akarudi mara nyingine, na akiba ikaisha. Koti likagoma. Sista alipomfungua Dereva shati jepesi siku hiyo na kuuona mkono mzima, alimpeleka kwa madaktari bila kumngoja amalize utani wake. Alirudi mlango wake umefungwa kwa uzi, na mrija kwenye paja. Mkono ulipungua, hilo ni kweli. Kisha ikaja homa, ikaja nyingine, na baada ya hapo kwenye kiti cha Dereva alikaa mtu mgeni aliyependa kunyamaza. Fundi alikwenda msibani, akakaa na wanaume wengine, akarudi dukani akakata suruali ya shule.

Sasa sikiliza hesabu aliyoipiga. Dereva alivimba, wakamwona, wakaufunga mlango, akafa. Kwa hiyo kosa ni kuonekana. Hesabu mbovu kabisa, lakini hofu haijawahi kufaulu hesabu. Fundi hakumwambia mtu. Aliikunja tu, akailaza moyoni kama anavyolaza akiba ndani ya mshono.

Mkono wake mwenyewe ulianza kwa pete. Asubuhi moja pete ya ndoa ilikataa kuzunguka, na baada ya siku kadhaa ikaanza kuuma. Aliitoa kwa sabuni, kwa mateso, akaificha ndani ya kopo la vifungo dukani. Ndani ya kopo la vifungo! Kopo ambalo mkewe huingiza mkono humo tangu asubuhi hadi jioni. Wanaume wakitaka kuficha kitu, akili huwa wameiacha nyumbani.

Kisha mkono wa shati ukabana. Alifumua mshono, akauachia. Ukabana tena, akauachia tena. Chumbani kwa mashine alifungua dirisha lake dogo, nesi akaona pale pa sindano tu, na nesi ana wagonjwa wengi na mikono miwili. Mashine ilianza kulalamika, damu haitaki kurudi kwa urahisi. Fundi akasema amelala vibaya. Sindano zikitolewa, damu ilichukua muda mrefu kukatika, pamba juu ya pamba. Akasema damu yake siku hizi ni nyepesi. Sista mkuu alikuwa likizo, na wale waliomshikia kazi hawakuijua damu ya Fundi ilivyokuwa zamani.

Nyumbani alilala na shati, kwa madai ya baridi. Na jambo la ajabu kuliko yote, akaanza kupiga pasi mashati yake mwenyewe. Mtu aliyeishi miaka yote ile na mke anayempigia pasi mpaka leso, leo anaamka kabla yake, anachomeka pasi, anafungua dirisha la chumba na kupiga mluzi.

Mkewe hakuwa mjinga. Pete iko kwenye kopo la vifungo. Aliiona siku ya kwanza akaiacha palepale, anamchungulia. Mume analala na nguo, amempa mgongo. Mume anapiga pasi shati lake. Ukijumlisha hayo yote, mwanamke yeyote duniani atapata jibu moja. Alimfikiria mjane mwenye duka la vitambaa pale pembeni, yule anayecheka kwa kuinamisha kichwa. Alimfikiria na muuza chai wa mita chache mbele. Wivu ukamnyima hata chakula, lakini akasema hatauliza mpaka awe na ushahidi. Siku Fundi alipokwenda kwenye mashine, mkewe alichukua shati la jana akaligeuza nje ndani juu ya meza ya kukatia.

Alinusa kola. Alitafuta nywele. Alipofika kwenye mkono wa kushoto akasimama. Upande wa kulia akiba ilikuwa bado imelala ndani, vidole viwili, kama siku ilipokatwa. Upande wa kushoto haikuwepo hata kidogo. Kulikuwa na mistari ya matundu madogo ya sindano, mstari kando ya mstari, kila mmoja ukionyesha mahali mshono ulipokuwa kabla ya kuhamishwa. Matundu ya namna hiyo alikwisha kuyaona. Koti la kijivu la Dereva alilipiga pasi yeye kwa mkono wake.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, shati mapajani. Mwanamke wa duka la vitambaa akamtoka kichwani papo hapo. Alitamani mwanamke huyo arudi.

Fundi aliporudi, mkewe alikuwa ameteremsha mlango wa duka nusu. Hakumpokea mfuko. Alimngoja akae kwenye cherehani yake, aweke mguu kwenye pedali, ndipo akasema.

"Mume wangu."

Mguu ukatoka kwenye pedali.

"Vua shati."

Alijaribu kucheka, akasema mchana wote huu, bibi wewe. Mkewe hakucheka. Akafungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, na shati likashuka. Mkono ulikuwa mara mbili ya mwenzake, mgumu, umekolea rangi. Begani na kifuani upande ule kulikuwa na mishipa iliyotokeza juu ya ngozi, imejipinda huku na huku, kama damu imekosa barabara ikaanza kupita vichochoroni. Uso wake nao, mkewe alipoutazama vizuri, ulikuwa umejaa upande mmoja, na alikuwa ameuona kila siku bila kuuona. Hilo lilimuuma kuliko yote.

"Nilidhani una mwanamke," alisema. "Heri ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemtafuta nikamshika."

Alilia, na hakugeuka pembeni. Fundi akamweleza ile hesabu yake yote, Dereva, kuonekana, kufungwa, mrija. Akasema wakiuona watamfunga naye, na akifungwa yeye hana mkono mwingine. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeeleza kwa nini alivunja sahani. Mkewe alifuta uso kwa kitambaa cha suruali ya mtu. Akasema mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye hataki kuumbuliwa na kifo cha mtu, kwa hiyo avae viatu. Fundi akasema atakwenda kesho. Akaambiwa avae viatu.

Sista mkuu alikuwa amerudi kazini. Aliubonyeza mkono kwa kidole gumba, akatazama jinsi shimo lilivyobaki bila kujaa, akavua miwani. Aliuliza imeanza lini.

"Juzi," alisema Fundi.

"Juzi ya fundi," alisema mkewe.

Sista hakumgombeza. Alisema tu kwamba na yeye alipaswa kuwaambia watu wavue shati zima, siyo kufungua dirisha, na akapiga simu.

Daktari wa mishipa katika hospitali kubwa alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu, na alieleza mambo kama mtu anayeelekeza njia. Damu yote ya mkono, alisema, inarudi kwenye moyo kwa kupitia mshipa mmoja mkubwa ndani ya kifua. Ule mrija wa mwanzo ulikaa humo siku nyingi, ukausugua mshipa kwa ndani, ukaacha kovu. Kovu limekuwa likikaza polepole. Mlango wa mkononi unaleta damu kwa kasi, inafika kifuani inakuta njia imebanwa, inarudi nyuma, mkono unajaa. Mlango wenyewe hauna kosa. Tatizo liko mbele ya safari.

Kisha akasema kuna mawili. La kwanza, kuufunga mlango: uvimbe utakwisha, na yeye atarudi kwenye mrija. La pili, kujaribu kufungua njia kwa ndani. Wataingiza waya mwembamba kwenye mshipa, ukivuka pale palipoziba watapitisha puto dogo juu yake na kulijaza ili lipanue. Mshipa ukikataa kukaa wazi, wataacha humo stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia kuta zisirudi. Lakini yote hayo yanategemea waya. Waya usipovuka, hakuna puto wala stenti, na watalazimika kufunga.

"Kovu likiwa changa waya hupita," alisema. "Likikaa sana linaziba kabisa. Wengi wanakuja wamechelewa. Huwa najiuliza, mtu anaufichaje mkono mkubwa namna hii?"

Alikuwa anaandika, wala hakutarajia jibu. Fundi alijua jibu. Unauficha ndani ya koti la kijivu, unafumua mshono na kuuachia, na tena, na tena, na pale pa sindano unaweka zipu ili nesi asisumbuke. Kumbe Dereva hakuuawa na kuonekana. Dereva alionekana akiba ilipokwisha, na akiba ile aliitoa yeye, kwa mapenzi, akiongelea mpira. Mkewe alimwona anashika ukingo wa kitanda. Alidhani anaogopa upasuaji.

Siku ya kazi yenyewe walimlaza kwenye meza nyembamba chini ya mashine kubwa ya eksirei. Walimpiga ganzi, hawakumlaza usingizi. Pembeni kulikuwa na kioo cha rangi ya kijivu, na humo ndani aliona kivuli cha mbavu zake mwenyewe na uzi mweusi unaotembea. Huo ndio waya. Daktari aliusukuma kutoka mkononi, ukapanda begani, ukafika mahali ukapinda ukarudi. Akauvuta, akausukuma tena. Ukapinda. Wakapiga dawa ya kuonyesha mshipa, na kwenye kioo Fundi aliona mto mpana ukifika mahali unakoma, kisha vijito vingi vinatawanyika pembeni. Pale katikati hapakuwa na kitu.

Hakuwahi kuogopa kiasi kile. Daktari akasema watajaribu kutoka upande wa pili, kupitia kwenye paja, wakutane katikati. Fundi alifumba macho akawaza lastiki. Fundi yeyote amepitisha lastiki kwenye mkanda wa sketi, pini mbele, vidole vinafuata, na anajua pini ikikwama kwenye mshono wa ndani huilazimishi. Unairudisha kidogo, unaichezesha, unaitafutia. Alitaka kusema hivyo, kisha akaona aibu. Mtu amesomea mishipa miaka yote hiyo, aje afundishwe na lastiki. Akafumbua macho, na kwenye kioo waya ulikuwa unarudi kidogo, unachezeshwa, unatafutiwa. Akauombea tu.

"Bado," alisema daktari. Kisha, baada ya muda, "Bado."

Halafu mtu mmoja nyuma yake akashusha pumzi. Uzi mweusi ulikuwa umevuka. Ulikuwa upande wa pili, umenyooka kuelekea moyoni.

Puto liliingia, likajazwa, na Fundi akasikia maumivu makali chini ya bega kama mtu anampasulia mshono akiwa ameuvaa. Likatolewa hewa, na mshipa ukajibana tena kama lastiki. Likajazwa tena, ukajibana tena. Basi wakaleta stenti. Kwenye kioo ilionekana kijiti chembamba, kisha ikafunguka, wavu mwembamba kama tulle, kile kitambaa chepesi cha shela ya bibi harusi, na safari hii ukuta ukabaki palepale. Wakapiga dawa mara nyingine. Mto ukapita moja kwa moja. Vile vijito vya pembeni vilipotea, na Fundi akalia, machozi yakaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali na mikono yote imeshikwa.

Daktari alikuja wodini kabla Fundi hajaruhusiwa. Alisema mambo yamekwenda vizuri, lakini asije akadhani ameponywa. Kovu linaweza kuota hata ndani ya stenti. Huenda wakalazimika kurudi na puto siku moja, pengine zaidi ya mara moja. Akiona mkono umejaa hata kidogo, mashine ikilalamika, damu ikichelewa kukatika, aje siku hiyohiyo, asimngoje mtu.

Mkono ulipungua upesi kuliko walivyotarajia. Ngozi ililegea, mikunjo ikarudi, na baada ya siku chache mkewe alichota kwenye kopo la vifungo, akaitoa pete, akamvisha mwenyewe huku anamwambia safari nyingine akitaka kuficha pete atafute kopo la mtu mwingine. Mlango ulivuma. Fundi aliugusa asubuhi, na mkewe naye akaugusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla kwa kuogopa.

Kisha Fundi akateremsha mashati yake yote kutoka kwenye misumari. Alipunguza mikono ya kushoto ikalingana na ya kulia. Mkewe alikuwa anapasha pasi, akamwona anachukua mkasi mkubwa na kukata kitambaa kilichobaki ndani ya mshono, pande zote mbili, mpaka karibu kabisa na uzi. Vipande vikaanguka sakafuni.

"Unakata akiba wewe?"

"Ya mikono hii, ndiyo," alisema. "Mkono ukivimba, shati libane. Linibane mpaka nipige kelele."

Mkewe aliinama akaviokota vile vipande, kwa mazoea, kisha akavitia kwenye ndoo ya taka. Fundi aliondoa pia yale madirisha. Mahali pake aliweka zipu ndefu kutoka begani mpaka kwenye kiganja, ili ukifungua, mkono mzima uko nje, hakuna pa kujificha. Wagonjwa wenzake walilalamika kwamba baridi itaingia. Akawaambia walete mablanketi. Aliyakusanya madirisha yake yote, shati kwa shati, akayabadilisha bila kumwomba mtu ruhusa, na Ijumaa aliyosema ndiyo Ijumaa aliyoyarudisha. Watu walishtuka kuliko walivyoshtuka alipougua.

Koti la kijivu hakuliona tena. Mjane wa Dereva alimwambia walimzika nalo.

Baadaye kidogo alikuja dukani dada mmoja kutoka chumba cha mashine, yule anayekaa karibu na mlango wa kuingilia, mchangamfu, hajakaa sana kwenye matibabu. Alikuwa na blauzi nzuri mpya, ya kununuliwa dukani. Aliiweka juu ya meza ya kukatia akasema inambana kidogo, mkono huu mmoja, sijui kitambaa kimeruka kikapungua, labda Fundi amwachilie. Alisema ameulalia.

Fundi hakuigusa blauzi. Alichukua futi yake shingoni, akaomba mkono wa kulia, akaupima. Akaomba wa kushoto, akaupima, akamwonyesha futi. Dada akaangalia pembeni, akaanza kuuliza habari za mke wa Fundi, kama hajambo.

"Hajambo," alisema Fundi. "Vaa viatu, mwanangu."

Alikunja blauzi kama ilivyokuja, akateremsha mlango wa duka, akatembea naye mpaka kwa sista.